Mwaka Nairobi Ilipokuja Kuteleza Kwetu

Uongo mkubwa zaidi katika maisha yangu sikuusema kwa mdomo. Niliuandika, na mwalimu akaupa alama thelathini na sita kwa arobaini.

Nilikuwa darasa la saba. Tuliambiwa tuandike insha kuhusu siku ambayo hatutaisahau. Siku zangu zote zilikuwa za kusahaulika: majani chai, ng'ombe, ndizi, kanisa, majani chai tena. Kwa hivyo nikaandika kwamba anko wangu wa Nairobi alinipeleka kwenye bustani ya michezo, ile yenye magari ya kugongana na gurudumu kubwa linalobeba watu mpaka karibu na mawingu. Nilieleza jinsi tumbo langu lilivyobaki juu hali mimi nimeshafika chini. Niliandika vizuri mpaka nikaiamini mwenyewe. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, na wakati wa mapumziko wasichana ambao hawakuwa wamewahi kunisalimia wakaja kuniuliza kama watu hutapika huko.

"Wengine," nikasema.

Mimi ni mtu wa aibu. Hata leo nikiwa kidato cha nne, mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, natazama dawati kana kwamba jibu limeandikwa pale na ni la mtu mwingine. Kuulizwa maswali na watu wanaosubiri jibu kwa hamu kulikuwa kutamu kama muwa wa kuiba. Sikutaka kuurudisha.

Wala sikuwa na wasiwasi sana. Anko, mdogo wake baba, alikuwa ameniahidi kwamba likizo ya Agosti atanipeleka huko kweli. Nikishapanda lile gurudumu, uongo wangu ungegeuka kuwa ukweli uliochelewa kidogo.

Halafu korona ikaingia. Shule zikafungwa. Nairobi ikafungwa, mtu asiingie wala asitoke. Bustani ya michezo nayo ikafungwa. Hayo niliyasikia kwenye redio ya nyanya nikiwa jikoni namenya ndizi, nikaangua kilio. Nyanya akadhani nawalilia wagonjwa, akaweka kisu chini akaniombea. Wagonjwa niliwalilia pia, ila baadaye.

Agosti ilipofika barabara zilikuwa zimefunguliwa. Kila mwaka anko na familia yake hushuka Mombasa kuogelea. Mwaka huo alisema hoteli zina sheria nyingi kuliko vyakula, na kuhusu lile gurudumu, hata likifunguliwa hataki mtoto wake ashike chuma kilichoshikwa na Nairobi nzima. Akaona mahali salama ni kwa wazazi wake, Nyamira, kwenye kilima chetu, ng'ambo ya mji wa Keroka. Hakuwa peke yake. Wiki ile kila boma kilimani lilikuwa na gari lililoegeshwa vibaya na mtoto mwenye viatu vyeupe. Mkate ulikuwa unaisha madukani kabla ya saa tatu asubuhi.

Anko alileta mkewe, anti yangu, na binti yao, ambaye ni rika langu. Binamu alisimama katikati ya ua akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Sasa nyinyi hufanyanga nini huku siku nzima?"

"Tunachuna majani."

"Na mkimaliza?"

"Yanamea tena."

Kabla hajapata nafuu, akatokea kiongozi wetu wa darasa. Huyu ni msichana wa boma la pili, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio wilaya nyingine. Alikuja kuona gari. Akamsalimia binamu kwa kiwiko, vile tulivyofundishwa, halafu akamwuliza, "Ni wewe mlipanda naye lile gurudumu?"

"Gurudumu gani?"

Nikakanyaga kiatu cheupe. Nikamvuta binamu mpaka nyuma ya zizi.

"Kwa hivyo wewe ni mwongo," akasema.

"Kidogo."

"Nairobi kwenyewe umewahi fika?"

"Nimefika Kisii."

Akacheka mpaka ng'ombe akageuka. Kisha akawa mfanyabiashara. Yeye angenyamaza, na mimi ningechuna majani yake. Kwa maana babu alikuwa na sheria moja kwa wageni: anayekula kwake achune kwanza. Basi asubuhi nilibeba kikapu changu mgongoni, na cha binamu nikakiburuta, naye akikaa mwisho wa mistari ya chai akinisifu.

Lakini siri iliyonunuliwa haikai bei moja. Kiongozi wa darasa alishatangazia kilima kizima kwamba kuna wataalamu wawili wa bustani za Nairobi. Watoto walikuwa wamechoka. Yule ambaye hupelekwa Kisumu kuona ziwa alikuwa nyumbani, yule ambaye huenda kwa shangazi yake Nakuru alikuwa nyumbani, na wale wa viatu vyeupe walikuwa wanalia wazi. Jumapili moja wakaja kama kumi na watano, kiongozi mbele.

"Tujengeeni," akasema.

Binamu akanitazama. Mimi nikatazama chini. Aibu yangu ina tabia hii: nikinyamaza, watu hufikiri nimekubali.

Chini ya shamba la chai la babu kuna mteremko wa nyasi ambapo alikuwa amekata migomba mizee. Shina la mgomba ukilipasua, lile ganda lake la ndani linateleza kuliko sabuni. Tulichukua maganda mapana kabisa, ya kukaliwa na mtu mzima, tukamwaga ndoo nne za maji kwenye nyasi, na mvua ya saa tisa ikamalizia kazi. Mtu aliketi juu, akasukumwa, akashuka akipiga mayowe mpaka kwenye uwanja tambarare kando ya nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe.

"Huko Nairobi huanza namna gani?" kiongozi akauliza, mkono kiunoni.

Nikasema la kwanza lililonijia. "Wanaimba wimbo wa taifa."

"Wote?"

"Ubeti wa kwanza tu. Kuna foleni."

Basi ikawa hivyo. Kila mtu kabla ya kuteleza alisimama wima, mikono ubavuni, foleni nzima ikaimba ubeti wa kwanza, ndipo akaketi kwenye ganda. Binamu ilimbidi ajifiche nyuma ya mti wa parachichi, anashika mbavu.

Wakataka pia nyumba ya mashetani, kwa sababu niliitaja kwenye insha. Nyanya akasikia. "Hapa ni boma la Waadventista," akasema. "Shetani hana nyumba hapa, hata ya kupanga." Tukaiita Tumbo la Samaki wa Yona. Ilikuwa stoo ya vikapu, giza tupu, na ndani mtoto mmoja alikupapasa usoni kwa majani ya ndizi yaliyoloa. Nyanya aliipenda hiyo akaingia mara mbili.

Nyanya pia ndiye aliyekuwa serikali. Alisimama na mwiko mrefu wa ugali. Mlango wa kuingia ulikuwa na mtungi wa kuning'inia ambao mtu akikanyaga kijiti maji yanatoka, na kati ya mtu na mtu kwenye foleni aliweka kikapu cha chai. Ukisogea, mwiko unakujua. Kufikia Alhamisi foleni ilizunguka nyumba. Walikuja watu wa kilima cha pili. Siku ya Sabato tuliufunga mteremko, na walikuja hivyo hivyo wakatazama nyasi.

Lazima nieleze jambo moja hapa. Sisi Wakisii kukaa mbali hatukufundishwa na korona. Tuna heshima inayoitwa chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, hawapishani mlangoni. Babu na anti walikuwa wamekaa umbali wa mita nyingi tangu siku ya harusi, na kama wangegusana, tena mbele ya watoto, ingekuwa aibu ya kuitisha kikao cha wazee. Lakini babu na mjukuu hakuna mpaka. Mimi babu huniita mke wangu, na nyanya huniita mke mwenza na kusema nimemletea uvivu nyumbani.

Ijumaa ya wiki ya pili, alasiri, babu akashuka kutoka kwenye chai. Alikuwa amevaa koti, kofia na gambuti. Akatazama foleni, akatazama mteremko, akanigeukia.

"Mke wangu, hiki kitu chako ni salama?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Salama kama kile cha Nairobi ulichopanda?"

Foleni nzima ilinigeukia. Kiongozi wa darasa alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anatabasamu kwa niaba yangu. Babu alikuwa na miaka zaidi ya sabini na nyonga iliyowahi kuvunjwa na fahali. Nikisema ukweli, msichana anayeulizwa maswali anakufa pale pale. Nisiposema, labda babu.

Nikaitikia kwa kichwa tena. Naandika hivi nikiona haya.

"Basi mimi ni nani nikatae!" Babu akavua koti akampa kiongozi. Foleni ikaanza kuimba. Babu akavua kofia, akasimama kama askari. Nilikuwa na ubeti mzima wa kufungua mdomo, na sijui kama mmewahi kuona, ule ubeti ni mfupi mno. Mstari wa kwanza nikasema, nitasema. Wa pili nikasema, sasa. Wa tatu barakoa ilikuwa imeingia mdomoni. Wakamaliza. Babu akarudisha kofia, akakaa kwenye ganda, na vijana watatu wakasukuma kwa heshima zote.

"Babu, sijawahi kwenda!" nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikaivuta barakoa mpaka shingoni.

"BABU! SIJAWAHI KWENDA NAIROBI! NILIIANDIKA TU! SHUKA!"

Sikujua nina sauti ile. Ng'ambo ya mto mbwa alijibu. Kila mtu alinisikia isipokuwa babu, ambaye alikuwa anashuka kwa kasi akisema "Ooooo" kwa furaha, gambuti zikitangulia.

Na hapo chini, kwenye uwanja, anti akatokea. Alikuwa amesikia wimbo akaja kumrekodi baba mkwe wake kwa simu. Alisimama katikati kabisa ya njia, simu imeinuliwa. Babu akamwona. Anti akaona, kwenye kioo cha simu, baba mkwe akikua.

Mtu mwingine angefikiria mifupa yake. Babu alifikiria chinsoni. Akachomeka gambuti ya kulia ardhini, ganda likageuka kama mlango, akaacha njia, akapita mbali na anti, akaingia kwenye nepia na kutoweka. Kofia peke yake ilibaki nje.

Nyasi zikatikisika. Halafu sauti ya babu ikatoka humo ndani, tulivu kabisa:

"Mke wa mwanangu amesimama mbali?"

"Yuko mbali, baba!" anti akalia kutoka kwenye mtaro alikorukia.

"Basi niondoeni. Hili jani limeingia sikioni."

Kilima kilicheka. Nyanya alikaa chini na mwiko wake akacheka mpaka akaomba maji. Babu alitoka na mikwaruzo usoni, nyonga yake nzima, anauliza kama foleni inaweza kumpisha mara moja arudie. Nami nilisimama pale pale nikidhani kwamba katika kicheko kile maneno yangu yamepotea.

Kiongozi wa darasa hakuwa anacheka. Bado alikuwa ameshika koti la babu.

"Umesema nini?"

"Sijawahi kwenda," nikaziambia gambuti zangu.

"Na wimbo wa taifa?"

"Niliutunga. Yaani, si wimbo. Sheria."

Akafikiria. Niliona anahesabu mara ngapi amesimama wima kwenye matope, yeye kiongozi wa darasa, mikono ubavuni. "Nimeimba mara thelathini," akasema. Akampa binamu koti, akaondoka, na foleni ikamfuata kikapu baada ya kikapu.

Sabato ilikuwa ndefu. Binamu alinionea huruma hata akachuna majani yake mwenyewe Jumapili asubuhi, vibaya, akichanganya majani mazee. Kwa maana sasa hakukuwa na siri ya kulipia. "Si basi turudi tu Nairobi," alimwambia anko. Lakini anko alikuwa amejilaza chini ya parachichi, viatu amevua, akasema mwaka ujao pia watakuja hapa, Mombasa ikae na joto lake. Na kweli, tangu wakati huo wamekuwa wakija kila Agosti, ingawa gurudumu la Nairobi linazunguka tena.

Jumapili hiyo hiyo mchana wakaja. Wote. Kiongozi wa darasa akakohoa kama mzee wa kikao.

"Tumeketi," akasema. "Tumeona kitu hiki ni kizuri hata kama ni cha uongo. Wimbo tumeondoa. Lakini wewe kila siku utateleza wa kwanza, sisi tukitazama, ndio tujue ni salama."

Katika wiki zile mbili, nikipanga watu na kumwaga maji na kueleza sheria za Nairobi, sikuwa nimekaa kwenye lile ganda hata mara moja. Naogopa hata ngazi ya madhabahu.

"Lazima leo?" nikauliza.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Ganda lilikuwa baridi na lilipitisha maji mpaka kwenye sketi. Binamu akanisukuma bila kuhesabu. Sikumbuki katikati. Nakumbuka matope kwenye meno, gambuti moja ikiniaga njiani, na anga mahali ambapo si pake. Nilipofika chini nililala hapo nikisubiri tumbo langu linifikie.

Kiongozi wa darasa alikuwa ameinama juu ya ukingo, mkono kiunoni.

"Hiyo haikuhesabika," akaniita. "Ulifumba macho. Panda, rudia."

Nikaitafuta gambuti, nikapanda.