Jongoo Niliyemfuga Mkunya

Mama yangu alipofariki nilitolewa Lisekese, nikapelekwa Mkunya kwa shangazi, dada yake baba, aliyeolewa na Mmakonde. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, na mimi meno ya mbele yameng'oka, hayajaota tena. Kwetu tulisema Kimakua. Kimakonde sikukijua, na watoto wa pale walipoona hivyo wakaacha kunisemesha.

Tena Mkunya iko juu mlimani, na kule maji hakuna. Wanawake walishuka bondeni alfajiri na mitungi, wakarudi jua limewaka. Mteremko ule sikuuweza, nikawa nabaki na kuku tu. Ndipo nikamwokota jongoo chini ya majani ya mkorosho, mkubwa, mrefu kuliko kiganja changu. Nikamweka kwenye chungu kilichovunjika mdomo, na udongo na majani yaliyooza. Nikimgusa alijiviringa. Nikitulia kitambo alijikunjua, akanipanda mkononi, basi nikajifunza kutulia. Nikaona pia kwamba udongo ukikauka hali kitu. Kata yangu ya maji ya kunywa nikawa namgawia nusu.

Shangazi akanifuma.

"Wewe mtoto wa Lisekese, unamnywesha nani?"

"Jongoo, Shangazi."

"Ana miguu kutushinda sisi wote huyo. Mtume bondeni akateke."

Wanawake aliorudi nao bondeni wakacheka, lakini chungu hakukitupa.

Kiangazi kilipokaza, jongoo akazama udongoni. Nikangoja. Siku ya nne nikaingiwa na hofu kwamba amekufa, kama mama alivyokufa na mimi sikuambiwa. Nikachimba. Nikakuta donge la udongo, gumu kama tofali, nikalipasua kwa kijiti. Alikuwamo ndani, amejikunja, mweupe, laini kama ugali ambao haujaiva. Nikamshika, nikamgeuza, nikamwita. Kufika jioni hakunyanyua hata mguu mmoja.

Shangazi alikitazama kile chungu.

"Alikuwa anavua ngozi," akasema. "Akijifungia hivyo haguswi. Angetoka mwenyewe."

"Sikujua, Shangazi."

"Ungejuaje, na hapa hakuna wa kukwambia."

Kisha akasema, "Kesho utashuka na sisi."

Nilishuka. Nilipewa kibuyu kidogo. Wanawake walitangulia wakizungumza Kimakonde, mimi nyuma yao nikifuata visigino, na kila walipocheka sikujua wanacheka nini.