Palizi ya Wanaume

Kwetu Junju, bondeni, mwanamume hapalilii mpunga. Atalima, atajenga, atakwenda hata kuchimba kaburi la mtu asiyemjua, lakini kuinama matopeni kung'oa magugu ni kazi ya mkewe. Mila hii niliifuata bila tabu yoyote kwa kuwa ilinifaa.

Kisha mke wangu akavunjika mguu, akafungwa plasta hadi gotini, na magugu hayakumsubiri apone. Mpunga ule ndio chakula chetu cha mwaka, nao ulikuwa unamezwa huku nauona. Kikundi cha akina mama kilikuwa na mashine ya kupalilia: mpini mrefu na magurudumu mawili yenye meno, unaisukuma kati ya mistari umesimama wima. Niliposikia mashine, tena wima, nikajua kazi imekuwa ya kiume.

Asubuhi nikamleta mke wangu kwa bodaboda hadi ukingoni mwa shamba, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, nikaanza kusukuma. Magugu yalizama matopeni na mimi nikavimba kichwa. Sijamaliza mistari minne, jirani zangu watatu, watu wazima wenye wajukuu, wakaja kutazama. Wa kwanza akaomba kuonja kidogo. Wa pili akadai mwenzake amezidisha zamu. Nusura washikane mashati kwa ajili ya palizi, kazi ambayo wake zao wamewaomba wasaidie tangu siku ya harusi.

Kabla ya adhuhuri shamba lilikwisha, na hakuna aliyetaka kwenda kwake. Wa tatu akasema, "Tumepiga kwa urefu. Sasa tupige na kwa upana."

Nikaliona ni wazo la mtu mwenye akili. Mke wangu aliita kutoka ukingoni, lakini sisi tulikuwa tunagombea mpini.

Mpunga wetu umepandwa mistari ya upande mmoja tu. Kwa upana hamna njia. Tulipogeuka, miche ilikuwa inaelea nyuma yetu.

Niliogopa, sifichi. Tukaitupa mashine kando, tukainama wote wanne kuipandikiza miche upya. Kufikia alasiri mgongo wangu ulikuwa umekufa ganzi, na mingi niliyoipandikiza kwa uangalifu haikuwa mpunga. Lipo gugu linalofanana nao kabisa. Mke wangu alilitambua kwa mbali, akanyoosha gongo lake.

"Hilo ni gugu, baba, ng'oa. Na hilo. Na wewe shemeji, hilo lako pia."

Akina mama wa kikundi wakapita njiani, wakaona makalio manne yameelekea mbinguni. Wakatupa pole ya kazi kwa adabu, wakaenda kuchekea mbele.

Nikamfuata mke wangu kumwomba radhi, tope hadi masikioni. Hakuwa na hasira.

"Miaka yote hii," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza naliona shamba langu nimekaa."

Nikarudi majini, nikainama.