Pemba ya Mama Rosaria

Batu ya Nchelenge, hapa Zambia, banapenda kuniuliza: "Djo, kweli yaya yako alienda kupeleka Biblia kwa Bazungu?" Hapana! Alienda mu visiwa fulani kule ng'ambo ya bahari, kwa batu benye habana Biblia mu luga yao. Alors banacheka. Siku zote ni Muzungu njo anakuya kwetu na Biblia. Sasa mukimbizi wa Congo, ndugu ya Djo mwenye kuuza chisense, samaki ndogo ndogo za ziwa, naye anaenda kufundisha nani? Nimechoka na hayo maulizo. Leo nasema yote mara moja, kisha muniache niuze samaki yangu.

Yaya yangu, ni kusema dada yangu mukubwa, anaitwa Cadette. Mwaka wa 2017 tulikimbia vita, tukavuka Ziwa Mweru na mama yetu, Rosaria. Baba alikuwa amekufa. Mu mutumbwi kila mutu alibeba kile alipenda zaidi. Cadette alibeba Biblia. Mama alifunga mu kitambaa kipande cha pemba, ule udongo mweupe wa kwetu, alioachiwa na nyanya. Kwetu, mutoto akienda safari ya mbali, mama yake anatemea pemba mate kidogo, anamupaka mu kifua, anasema: "Moyo wangu uko mweupe juu yako. Uende." Bila ile, unatembea na huzuni ya mama mu mugongo.

Tulipofika ng'ambo hii, mbele ya kutupeleka mu kambi ya mapokezi ya Kenani, Cadette alikamata ile pemba akaitupa mu maji. Alikuwa na miaka makumi mbili, ameokoka juzi juzi tu, na moto wake ulikuwa unaunguza jirani. "Mama, tumefika mu inchi mupya," akasema. "Bitu ya shetani bibaki mu ziwa." Mama hakulia. Aliangalia maji tu. Mi nilimutukana yaya mbele ya batu, na mupaka leo sijuti.

Miaka ikapita mu kambi ya Mantapala. Cadette akaanza kusaidia kundi moja la kutafsiri Biblia. Kazi yake ilikuwa hii: anasomea ba mama benye kutwanga muhogo sura moja mu luga yao, kisha anauliza, "Mumesikia nini?" Wakieleza kitu ingine, anarudi kwa benzake, banaandika upya, anakuya kusoma tena. Kila siku, kusikiliza tu. Haki ya Mungu, ile kazi ilimufunza kunyamaza.

Siku moja akaniambia: "Djo, Mungu ananiita mbali."

"Amekupigia simu?"

Hakucheka. Kundi lilikuwa limemukubali aende mu vile visiwa miaka mitatu. Karatasi za safari za mukimbizi, alizingojea miaka mbili. Zilipotoka, kulibaki mama.

Alipiga magoti mu nyumba. "Mama, unibariki."

"Na nini?" Mama alikuwa anachunga bunga, hakuinua macho. "Yangu uliitupa mu ziwa. Kaulize samaki bakubariki."

Ba pasta balimuombea, kanisa yote ilimuombea. Akarudi na macho mekundu. "Maombi yao nimepata," akaniambia. "Lakini mama asiposema neno, sipandi gari." Nilimujua yaya yangu. Ile roho ngumu ilitupa pemba, na ile ile ingetupa tiketi. Mi mwenye kumutukana nikaanza kumuombea, kweli nilimuombea.

Siku ya safari tulienda fasi magari ya Lusaka yanasimama. Kwaya ilikuwa inaimba Kibemba. Mama alikuya na mufuko mudogo wa bunga ya muhogo. Nikafikiri ni chakula ya njiani. Gari ikapiga honi. Cadette akaweka muzigo chini, akapiga magoti mu vumbi na nguo yake ya Siku ya Mungu.

"Mama, nilikukosea," akasema, batu bote basikie. "Ile haikuwa ya shetani. Ilikuwa yako."

Mama akafungua mufuko, akatoa bunga kidogo mu kiganja, akatema mate, akachanganya na kidole. Akamupaka mu kifua.

"Moyo wangu uko mweupe juu yako. Uende." Kisha akamushika kidevu. "Lakini kule kwenye unaenda, usitupe bitu ya mama ya mutu."

Mi nililia, mwanaume muzima na ndevu zangu, na yule anataka kucheka acheke. Cadette akapanda na ile alama nyeupe. Hakuipanguza.

Mama alisimama mupaka vumbi likatua. Akaniuliza: "Djo, kule banalimaka muhogo?"

"Sijui, mama."

Akaangalia mufuko mu mukono yake. "Ningemupatia bunga yote," akasema.