Papa Anayejua Kikorea

Watu wa Mangobo walimpenda Hilaire kwa sababu ya mdomo wake, na mimi siwakatalii, mdomo ule ulikuwa kazi kweli. Alikuwa na chumba cha video cha mbao na turubai, mabenchi tisa, televisheni ya zamani yenye kisogo kikubwa, na jenereta iliyokunywa petroli kama mlevi. Filamu zilikuja kwa lugha ambazo hapa hakuna anayezisikia: Kichina, Kihindi, Kikorea. Hilaire alikuwa anazima sauti, anashika mikrofoni, anawasemea wote, bwana, bibi, jambazi, mpaka mbwa. Ukimuuliza Kikorea alijifunza wapi, anakutazama kama umemtukana. "Nilitumika na Wakorea wa kampuni ya mbao kule Banalia, miaka tatu." Uongo mtupu! Banalia alifika mara moja tu, kwenye matanga ya shangazi yake.

Aliyeamini kabisa ni binti yake Falonne, wa miaka tisa. Mama yake, Anne, alifariki mtoto akingali ananyonya, kwa hiyo walikuwa wawili tu nyumbani. Falonne alikaa benchi la mbele kila siku, na shuleni alijisifu: papa yangu anajuaka Kikorea. Hilaire alisikia, akamwacha aamini. Ni nani asiyependa kutazamwa na mtoto wake namna ile?

Mwaka huu ikaja filamu ya zombi. Kijana wa Korea amejifungia peke yake ndani ya jengo refu, nje wafu wanatembea na kung'ata watu, chakula kinaisha, simu haina rezo ya kupiga. Siku moja baba yake anakuja kugonga mlango. Kijana anashika komeo, analia, na hafungui. Alisema nini pale? Hilaire hakujua, sawa na mimi na wewe. Lakini akashusha sauti, akasema: "Sauti ni ya papa yangu. Jina anaita ni langu. Lakini papa yangu walishamung'ata, huyu si yeye tena. Hata akulilie, usifungue." Wallahi, wanawake walilia! Wakaomba arudishe pale, akarudisha mara tatu, na wiki nzima watoto wa mtaa walichezea maneno hayo nyuma ya milango.

Halafu mpox ikaingia mtaani. Hilaire akaota vipele usoni na viganjani, homa ikamwangusha, wakamchukua kwenye mahema ya kutengea wagonjwa, njia ya Kapalata. Muuguzi akasema mtoto abaki nyumbani siku ishirini na moja, asichangamane na mtu. Jirani, Mama Zaina, mtu wa Maniema, akaahidi kumwekea chakula dirishani kila asubuhi. Hilaire, akiwa ameshapanda pikipiki, akamwambia binti yake: "Funga komeo. Usimufungulie mutu yeyote, unasikia?" Ni neno la mzazi. Nani angesema lingine?

Alirudi siku ya kumi na tisa, amepona, magamba yamekauka na kuanguka, uso umejaa makovu na sauti imekwaruzika kwa vidonda vya koo. Alikuwa amebeba mkate na sardini. Mama Zaina akamkimbilia, akasimama hatua tano mbali naye.

"Papa Hilaire, mutoto hajachukua sahani tangu juzi. Lituma yote ya ndizi imeharibika pale dirishani. Tunasikia anakohoa tu."

"Na mukamuacha?"

"Tulimuita, papa! Hajibu. Na dirisha amelizibia godoro."

Hilaire akautupa mkate, akaugonga mlango kwa ngumi mbili. Mlango ule ni wa chuma. Aliuagiza mwenyewe kwa sababu ya wezi, na komeo likawekwa ndani, nene kama mkono wa mtoto.

"Falonne! Ni mimi papa. Fungua."

Kikohozi, kisha sauti ndogo iliyokauka. "Papa yangu hana sauti hiyo."

"Nilikuwa na vidonda kwa koo, mama. Njoo uangalie dirishani."

Godoro likasogea kidogo. Jicho moja likaonekana, jekundu kwa homa, na shavu lenye vipele vitatu. Likamtazama uso mzima, makovu yote, mtoto akapiga ukelele na godoro likarudi.

Hilaire akageuka kwa Lambert, fundi wa kuchomelea, yule aliyeutengeneza mlango. "Lambert, kata hii kitu!"

"Nitakata na nini, papa? Courant ya umeme hakuna tangu Jumapili. Na jenereta yako iko ndani kwa mutoto."

Akachukua nyundo akagonga bawaba, Lambert akamsaidia, na kila pigo mtoto alilia ndani kwa hofu, mpaka kilio kikageuka kukohoa kusikokwisha. Mama Zaina akasema acheni, mtamuua kwa woga. Wakaacha. Watu wa mtaa walisimama kwa mbali, mikono kifuani. Hilaire aliwachukia wote, na akajichukia mwenyewe zaidi.

Akapiga magoti, mdomo kwenye upenyo wa mlango, akaamua kusema ukweli ambao hakuwahi kumwambia mtu.

"Falonne, sikiliza. Ile filamu, maneno yale niliyavumbua. Yule kijana, mimi sijue alisema nini. Pengine alisema papa ngoja, nakufungulia. Banalia sikufanya kazi. Kikorea sijue, mama, hata neno moja. Nilidanganya watu, nikakudanganya na weye. Fungua, twende kwa munganga wa hospitali."

Hilaire akasikia miguu inakuja taratibu, mkono unagusa komeo, chuma kinalia kidogo.

"Kumbe hujue Kikorea?" mtoto akauliza.

"Sijue. Nakuapia kwa mama yako."

"Papa yangu anajuaka Kikorea," Falonne akasema, na akaanza kulia. "Mumeshamung'ata papa yangu."

Komeo likarudi mahali pake. Kisha Hilaire akasikia meza ikiburutwa kuja mlangoni, kidogo kidogo, inasimama kila mtoto alipokohoa.