Sosisi za Siku Niliyopewa Moto

Siku hiyo hunijia kwanza kwa harufu, kisha kwa mwanga, na watu huja mwishoni. Mwanga wenyewe ni wa alasiri, mweupe, wenye ukungu mwembamba wa ziwa ndani yake, ule unaozifanya nyumba za kambi ya reli zionekane zimenyanyuka kidogo kutoka ardhini. Harufu ni ya mafuta ya nguruwe na vitunguu. Nikifumba macho sasa, na umri huu wangu, naweza kukaa ndani ya alasiri ile muda mrefu bila mtu kuniuliza kitu. Halafu mkono wa mama mkwe wangu unatokea juu ya kikaango, na hapo nafumbua macho.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru. Kwenye karatasi mji wetu wa Kalemie ulikuwa bado Albertville. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeolewa miezi kumi na moja na fundi wa atelye ya reli, yaani karakana ya kutengenezea mainjini, mtu mpole aliyerudi kila jioni na masizi mpaka kwenye kope. Nilikuwa na mume, nilikuwa na chumba na sebule, nilikuwa na vitenge viwili vya kutokea. Sikuwa na moto.

Katika ukoo wa mume wangu, mwanamke aliyeolewa hapiki kwake mpaka mama mkwe ampe moto. Kwa hiyo kila siku nilivuka uwanja ule mdogo kati ya nyumba yetu na yake, nikachota maji, nikamenya, nikapepeta unga, nikaosha vyombo, na mimi na mume wangu tukala kutoka chungu chake. Nini kipikwe na lini, hilo halikuwa neno langu. Aliniita mutoto. “Mutoto, punguza kuni.” “Mutoto, hii majani ya sombe haijalainika, twanga tena.” Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo, na hakuwahi kunipigia kelele hata mara moja. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Ningependa angenipigia kelele, nipate pa kujibia.

Siku ya kupewa moto ina taratibu zake. Mama mkwe huleta mafiga matatu kutoka kwake na kuyapanga mlangoni kwako, kisha huwasha kwa kaa la moto kutoka jikoni mwake. Wewe unapika chakula kimoja, katika chombo kimoja, juu ya moto huo mmoja, na ndugu wote wanakula. Chumvi huitii wewe. Chumvi huitia yeye, kwa mkono wake, mbele ya watu, na kuuzuia mkono huo ni kuukataa moto. Watu wakila wakaridhika, mafiga yanabaki. Wasiporidhika, anayabeba na kurudi nayo, na wewe unaendelea kuvuka uwanja. Mke wa shemeji yangu mkubwa alivuka miaka mitatu. Nilipomwangalia niliona miguu yake imechoka.

Miezi yote ile niliota moto wangu. Si mfano tu, niliuota kweli, usingizini, mdogo na mwekundu, ukiwaka peke yake mahali pasipo na nyumba.

Siku yenyewe ilipofika tulitarajia watu kumi. Treni ya Kabalo ikashusha ndugu ambao hata mume wangu ilibidi awaulize wao ni watoto wa nani. Nilihesabu mpaka thelathini, nikaacha. Walikaa kwenye mikeka kuanzia ukutani hadi kwenye bomba la maji, wanaume upande mmoja, watoto popote, na kuku wawili niliowafuga kwa ajili ya siku hiyo wakawa ghafla wadogo sana. Samaki hawakuwepo. Ziwa lilikuwa limechafuka siku ya tatu, na mitumbwi ya Zongwe ilikuwa imelala mchangani. Nilisimama katikati ya chumba changu nikiwa sijui nilie au nicheke.

Mume wangu akaingia na kapu kichwani.

“Ziwa imekasirika,” alisema, “lakini masista wamenipa hii.”

Alikuwa ametengeneza tangi la maji la misheni, nao wakamshukuru kwa sosisi za nguruwe wao, mkufu mrefu uliojizungusha ndani ya kapu, zimetoka kutengenezwa asubuhi ile. Nilizijua. Nilisoma kwa masista hao hao, na Jumamosi ngapi nilisimama pale jikoni kwao nikijaza nyama kwenye utumbo! Nilijua pia kwamba kwa kuwa hakukuwa na barafu, waliweka chumvi nyingi ili nyama isiharibike. Viazi vya kizungu nilikuwa navyo, makapu mawili yaliyokuja kwa meli kutoka Moba, na vitunguu, na nyanya. Kikaango nacho kilikuwepo. Mume wangu alikuwa amenitengenezea mwenyewe, kwa bati nene la atelye, wiki ile tuliyoambiwa siku. Alikifanya kipana hata hakikupita mlangoni, ikabidi kilale nje. Watu wa kambi walimtania kwamba anaoa mke wa pili, mnene.

Basi nikapika. Ukitaka kujua, ni chakula chepesi kuliko vyote. Sosisi unazitoboa kidogo na kuziacha zijikaange kwa mafuta yao, bila haraka, mpaka ngozi iwe ya kahawia. Kisha vitunguu vingi, mpaka vilegee. Kisha viazi vilivyokatwa kila kimoja mara nne, unavigeuza ndani ya mafuta yale, nyanya juu, maji kidogo, na unafunika. Mimi nilifunika kwa bati na kuweka makaa juu yake, viive pande zote. Ndugu walikuwa wamezoea kuona bukari, yaani ugali, na mboga, kila kimoja na chungu chake. Sasa walikuwa wakiangalia chombo kimoja kikitoa harufu ambayo hawakuijua, na mazungumzo yakaanza kupungua. Hata watoto walisogea. Moshi ulipanda ukachanganyika na ukungu wa ziwa, na kwa muda fulani, sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, nilihisi kama nimelala macho wazi. Moto wa ndoto zangu ulikuwa mbele yangu, na nyumba ilikuwepo.

Nilifunua. Mama mkwe akasimama, akaja taratibu, kitenge chake kimefungwa vizuri kifuani. Mkono wa kulia ulikuwa umefumbwa. Alipoufumbua niliona chumvi, ngumi nzima, kiasi kile anachotia mtu kwenye maharage ya watu thelathini ambayo hayajaonja chumvi tangu yatoke shambani.

Hapa ndipo ninaposimama kila mara. Mkono uko juu ya kikaango, mweupe katikati, na mimi nimepiga magoti upande wa pili nikiuangalia. Hakuwahi kula sosisi maisha yake yote. Angejuaje? Asubuhi nzima nilikuwa naye, ningeweza kumwambia, Mama, hii nyama ina chumvi yake. Sikumwambia kwa sababu sikukumbuka, hilo ni kweli. Lakini wakati ule mkono uko juu, nilikumbuka. Na kweli nyingine ni hii. Mkono haukatazwi, sawa, lakini mtu anaweza kukohoa. Mtu anaweza kuangusha mwiko. Nilinyamaza, kwa kuogopa, ndiyo, na pia kwa sababu miezi kumi na moja ya “mutoto, twanga tena” ilikuwa imekaa kooni mwangu, na sehemu yangu moja ndogo, mbaya, ilitaka mara moja tu yeye ndiye akosee.

Chumvi ikaanguka. Akachukua mwiko wangu, akageuza, akarudi kukaa.

Aliyepakuliwa wa kwanza alikuwa shangazi wa mume wangu, dada wa marehemu baba yake, aliyekuja na treni na aliyelalamikia treni hiyo tangu asubuhi. Alitafuna mara moja. Alitafuna mara ya pili, polepole zaidi. Akatoa kiazi mdomoni kwa vidole viwili na kukirudisha kwenye sahani.

“Hii chakula iko chumvi tupu,” alisema. “Huyu mutoto hajajua kupika bado. Arudi kwa chungu ya mama mukwe wake.”

Wengine wakaonja. Mmoja akaomba maji. Mtoto mmoja akatema, akapigwa kofi dogo, na hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alikuwa ameona ni mkono wa nani uliotia chumvi, na kila mtu aliangalia mkeka wake, kwa kuwa mkono huo hausemwi. Aliyepika ni mimi. Niliyaangalia yale mafiga matatu na nikayaona tayari yakivuka uwanja kurudi yalikotoka. Mume wangu alisimama, akakaa, akasimama tena. Nilipata nilichokitaka, na kilikuwa kichungu kuliko chakula chenyewe.

Mama mkwe akaomba sahani. Akaonja kiazi, akaonja sosisi, akakata kipande kingine cha sosisi na kukitafuna peke yake muda mrefu, akifikiri. Nilijua anachokifikiri. Alikuwa akiisikia chumvi iliyokuwa ndani ya nyama, ile ambayo si yake. Aliinua macho akaniangalia. Sikuweza kuyavumilia, nikainamia majivu.

“Chumvi ni mukono yangu,” alisema. Hakupandisha sauti, lakini ilifika mpaka kwenye bomba. “Ni mimi njo nilitia. Nilizidisha. Mwenye iko na neno juu ya chumvi, aseme na mimi.”

Sikuwahi kuona, kabla wala baada, mama mkwe akitamka mbele ya ukoo mzima kwamba alikosea. Wanaume waliacha kuvuta tumbaku.

Kisha alifanya jambo ambalo ndilo hasa ninalorudi kulitafuta ndani ya alasiri ile. Alisimama, akalivuta lile kapu la pili la viazi, lililokuwa bado limejaa, akaja nalo mpaka kwenye mafiga. Hakwenda upande wa mwenye moto. Alikaa chini upande wangu wa kushoto, mahali ambapo miezi kumi na moja mimi nilikaa jikoni kwake, mahali pa anayemenya.

“Leta visu mbili,” alisema.

Nikaleta. Nilichota mchuzi wenye chumvi nikaumwaga pembeni, nikatia maji safi, nikachochea kuni. Yeye alishika kiazi cha kwanza, akakimenya kwa duara moja bila kukata ganda, akakiweka kwenye kiganja chake na kukigeuza huku na huku. Kisha akanigeukia.

“Mama,” aliniambia, “nikate namna gani?”

Sikuelewa kwanza kwamba ananiambia mimi. Niligeuka kuangalia nani amesimama nyuma yangu. Hakukuwa na mtu, ni ukuta wa nyumba yangu tu, na mume wangu mbali, amefunika uso kwa mikono yake miwili yenye masizi.

“Mara nne,” nilisema. “Kila moja mara nne.”

Akakata mara nne. Tukaendelea hivyo, visu viwili, maganda yakirundikana kati yetu, viazi vikianguka ndani ya maji na kunywa chumvi yake na ya masista. Ndugu walianza kuzungumza tena nyuma yetu, chini chini. Mtu alicheka. Hata shangazi aliuliza kama maji ya kunawa yapo. Jua lilikuwa limeshuka, na ukungu ulikuwa umekuja mpaka kwenye paa za mwisho za kambi, na ningeweza kunyamaza tu, niupokee moto wangu na mambo yaishe. Lakini nilisogea karibu naye.

“Mama,” nilisema kwa sauti ya yeye tu. “Nilijua. Ile nyama iko na chumvi yake. Nilikuona unatia, nikanyamaza.”

Hakuacha kumenya. Duara lile la ganda lilishuka mpaka likagusa goti lake, likakatika.

“Nilikuona unaniangalia,” alisema. “Lakini chumvi ilikuwa imeshatoka mukononi.” Akanisogezea kapu. “Kata viazi, Mama. Watu wako na njaa.”