Kiwiko Chini ya Kitenge

Mukabera wa Kilibula ana mikono mizima, na hiyo mikono ndiyo inayomnyima raha. Ana miaka hamsini na miwili, amekanda wazazi, wanawake waliotoka kujifungua, wa mtaa mzima tangu hajaota mvi, na bado anapasua kuni, anasonga bugali wa watu wanane na kufunga vifungo vya shati la mume wake bila kuguna. Watu humwambia ni baraka. Yeye hujibu "Amina," kisha anaangalia pembeni.

Baraka gani? Alifundishwa na shangazi yake Pélagie, kule Makobola, kwamba kidole ni cha kutafuta panapouma, kiwiko ndicho cha kufanya kazi. Ukishapapata mahali, laza kigasha, nyoosha mgongo, mwegemee mtu kwa uzito wa mwili wako; penye ugumu shusha kiwiko polepole. Vidole vipumzike. Na kwa kuwa mzazi hakandwi wazi, yote hayo hufanyika chini ya kitenge. Anayejifunza huketi upande wa kichwani, amemshika mzazi mabega, haoni ila kitenge kikipanda na kushuka.

Uwituze ndiye aliyekuwa akiketi hapo kichwani. Ni mjane wa mdogo wake mume wa Mukabera. Aliteremka kutoka milimani na mtoto wake Ishema, akaomba afundishwe kazi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Mukabera alimfundisha kuchemsha majani, kuyeyusha mafuta ya ng'ombe, kuuliza habari za homa kabla ya kumgusa mtu. Kiwiko hakukitaja. Uwituze alikuwa kijana, mcheshi, na Mukabera aliona wazi kwamba akijua yote, Kilibula nzima itamwita yeye. Nitamwambia mwezi ujao, alijisemea. Mwezi ujao ukawa miaka mitatu.

Mwaka wa kwanza Uwituze alikuwa akikunja na kukunjua vidole baada ya kazi. Wa pili akaanza kufunga vidole gumba kwa kitambaa. "Vitazoea," Mukabera alimwambia, na neno hilo ndilo linalomsuta kuliko yote. Kunyamaza ni dhambi, sawa, lakini hili alilitamka kwa kinywa chake, kinywa kilekile kinachoongoza kwaya.

Jumamosi iliyopita binti yake Divine alirudi nyumbani kutoka maternité, alikojifungua mtoto wa kiume. Akasema anataka akandwe na mama mdogo Uwituze. Ikabidi Mukabera aende kuketi kichwani, na kutoka pale akaona kitenge kinavyotetemeka. Alijua hasa vidole vya chini yake vinafanya nini. Roho ilimuuma, naye akakaza macho kwenye mabega ya mwanawe.

Uwituze hakumaliza hata kiuno. Alichomoa mikono inayong'aa mafuta, vidole gumba vimevimba na kupinda. Akashika beseni, likamponyoka, maji yakatapakaa mpaka mlangoni.

"Unisamehe, Mama Divine," alisema, akiliinua kwa viganja viwili. "Minye naacha hii kazi. Hata jana nilishindwa kufunga Ishema viatu. Mungu hakunipa mikono sawa yako. Lakini weye ulinivumilia sana. Kila siku niko nakuombea."

Kuombewa! Kesho yake ilikuwa Meza ya Bwana, naye Mukabera alikwisha kula mkate huo mara nyingi mno na jambo hili tumboni.

"Siyo Mungu," akasema. "Ni minye. Hatukandake na vidole, Mama Ishema. Ni kiwiko, ni uzito ya mwili. Nilikuficha juu niliogopa bantu watakuita weye."

Divine aligeuza uso ukutani. Uwituze alibaki amesimama katikati ya maji.

"Miaka tatu," akasema, "niko naomba Mungu msamaha juu ya mikono yangu mivivu."

Hakupiga kelele. Alipiga magoti tena, akauliza kiwiko kinawekwa wapi. Mukabera alikishika, akakiongoza chini ya kitenge, akamwambia aegemee. Divine alishusha pumzi ndefu. Somo lote lilichukua muda wa kuchemsha maziwa, na wepesi huo ndio uliomtoa Mukabera machozi, maana sasa alijua ni kitu kidogo kiasi gani alichokifungia.

Jumapili, kanisani, Uwituze aliketi mahali pake pa siku zote, kando yake, bila kumsalimu. Sinia ya vikombe vidogo ilipofika, alijaribu kuchukua kimoja. Vidole havikukubali. Akajaribu tena, watu nyuma wakisubiri. Mukabera akakichukua kwa mikono yake mizima, akamnywesha taratibu mpaka kikaisha. Cha kwake alikiacha kwenye sinia.