Siku Niliyopima Jiwe la Baba

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba nilipoteza jina la marehemu baba yangu. Sikuibiwa, wala hakuna adui aliyelichafua. Nililipoteza mwenyewe, mchana kweupe, karibu na soko hapa Uvira, nikiwa nimevaa kaptula, na kabla sijajua kwamba nimelipoteza nilicheza. Niwaambie hilo la kucheza mapema, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote, na kwa sababu mkilisikia kwa wengine watatia chumvi (kuna wanaosema nilipiga hata vigelegele, si kweli, nilirukaruka tu na kuinua mikono).

Mambo yalianzia kwenye mazishi yake. Mimi ni mtoto wa kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza hubeba sanduku upande wa mbele. Sasa mimi ni fundi cherehani, tangu nilipoacha shule darasa la sita nimekaa kwenye kiti, kinachofanya kazi ni mguu, tena mmoja, na baba alikuwa mtu wa mwili, mnunuzi wa maharagwe ambaye hakuyanunua ili kuyatazama tu, aliyala pia. Hatujafika hata barabara kubwa magoti yangu yakaanza kutetemeka, sanduku likainama upande wangu, wanawake wakapiga kelele wakidhani mzee amekataa kwenda, na binamu yangu akanisukuma kando kama mtu anayefungua mlango, akaingia chini ya sanduku mahali pangu. Njia iliyobaki niliitembea nyuma pamoja na wamama. Mmoja wao alinipa mwavuli wake nimshikie.

Makaburini mhubiri alisema mengi mazuri. Alisema kwamba miaka yote baba aliyonunua maharagwe kwa watu wa mlimani hakuna aliyewahi kumlalamikia, kwamba huyu ni mzee aliyekwenda mbele za Mungu na mizani safi. Watu wakasema amina. Mama Riziki wa Rurambo, aliyekuwa akimuuzia baba tangu mimi ni mtoto, alikuwa ameshuka na beseni la maharagwe kuja kutupa pole, akalia hadi sauti ikakauka. Na mimi nililia, kwa ajili ya baba, na kidogo kwa ajili ya magoti.

Kilio kilipokwisha, rafiki yangu Byamungu, anayeuza vipuri vya pikipiki mbele ya cherehani yangu, akaniangalia nikijaribu kuinua roli la kitambaa, akasema, "Weye, siku ingine ya kubeba muntu, tutakubeba weye. Kuja kwa sport."

Hiyo sport ni ya Jumamosi asubuhi, ufukweni. Kocha wake anaitwa Faraji, fundi wa kulehemu, ambaye aliona kwenye simu watu wa nchi nyingine wakifanya mazoezi na chuma cha mviringo chenye mpini juu. Unakishika kwa mikono miwili, unakibembeza katikati ya miguu, kisha unakirusha mbele hadi usawa wa macho bila kukiachia, tena na tena, mpaka mgongo uombe radhi. Kocha huviita ketelbeli. Sisi tunaviita sufuria. Anavitengeneza mwenyewe kwa vyuma vya malori yaliyokufa, na kila mtu lazima awe na chake.

Mimi ningeweza kusubiri Kocha anitengenezee kidogo, cha mtu wa cherehani. Lakini nilikumbuka jiwe la mizani la baba, lile la chuma, lenye mpini mzuri uliolainishwa na mkono wake na maandishi yaliyochongwa ubavuni, kilo ishirini. Lilikuwa limekaa tu ghalani. Nikafikiri, nitapata nguvu, na papo hapo nitakuwa nimeshika mahali alipokuwa akishika yeye. Wazo zuri la mtu mwenye huzuni. Nikalibeba kwa toroli.

Kuanzia hapo nikawa kichekesho cha ufuko mzima. Wengine walikuwa na kilo ishirini vilevile, wanaibembeza huku wanaongea habari za mpira, na mimi nikifika kifuani chuma kinaniamuru nirudi chini. Kulikuwa na mama mmoja mnene, mwuza mikate, aliyeibembeza ishirini yake kama anatikisa mtoto alale, na kila akimaliza hunigeukia na kunionea huruma kwa sauti. Nilikula mayai, nikaacha pombe, nikalala mapema. Chuma hakikujali.

Jumamosi yenyewe niliamua kwamba leo nitafika usawa wa macho, basi. Nikapumua kama Kocha anavyofundisha, nikabembeza mara ya kwanza, ya pili, na mara ya tatu nikatia nguvu zangu zote na kidogo za marehemu, chuma kikapanda kweli, kikapita kifua, kikapita macho, na mikono ikabaki mitupu. Kilikwenda kutua ndani ya beseni la mama aliyekuwa akifua nguo ziwani. Hakikumgusa, tumshukuru Mungu. Beseni lilipasuka sehemu mbili na suruali za mumewe zikaanza safari ya kwenda Burundi.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye mchanga. Mimi niliingia majini kufuata suruali. Niliporudi, nimelowa, Byamungu alikuwa amesimama juu ya jiwe la baba kama mhubiri.

"Kilo makumi mbili inamushinda mwanaume," akasema. "Na mama wa mikate anaibeba na mukono moja anakula."

"Hii haiko makumi mbili," nikasema. "Iko inapita."

"Imeandikwa. Ao haukufika darasa ya kusoma?"

"Imeandikwa lakini iko inapita."

"Basi papa yako alikuwa muchawi, chuma yake inajua muntu muzembe, inaongeza."

Wakacheka tena. Hapo ndipo nilipaswa kunyamaza. Mtu aliyenyamaza kwenye cherehani maisha yake yote, sijui siku ile ulimi niliupata wapi. Nikasema, "Twende tukapime."

Hapo juu, kando ya barabara, kuna depo ya mnunuzi mmoja mwenye mizani mpya ya betri, inayoandika namba nyekundu zinazoonekana hata na aliye ng'ambo. Kikundi kizima kikaondoka ufukweni, kaptula na jasho, Kocha amebeba jiwe begani, nyuma wanaimba nyimbo za mbio na kutia jina langu mahali ambapo sitaki kuwaeleza. Watoto wakaongezeka, waendesha pikipiki wakasimama. Tulipofika, depo ilikuwa imejaa, kwa sababu ni Jumamosi na watu wa mlimani wameshusha maharagwe mapya, wamekaa juu ya magunia yao wakingoja zamu. Mwenye depo aliona kwamba hawezi kutufukuza sote, akasema pimeni upesi.

Kocha akaweka jiwe juu ya mizani. Namba zikacheza, zikatulia. Ishirini na tatu na nusu.

Byamungu akainama akasoma tena. Akaliondoa, akaliweka upya. Ishirini na tatu na nusu.

Na mimi, ndugu zangu, nikacheza. Niliinua mikono, nikaruka, nikazunguka mizani nikipiga makofi. "Mumeona? Mulikuwa munabeba makumi mbili ya butoto. Minye nilikuwa nabeba chuma ya banaume." Nikamfuata mama wa mikate hadi alipo nikacheza mbele yake. Nikamshika Byamungu kichwa. Kikundi kikaanza kunishangilia, hata aliyenicheka zaidi alinishangilia, na ilinichukua muda kutambua kwamba kelele zote zinatoka upande mmoja tu. Upande wa magunia hakuna aliyekuwa akicheka.

Mama Riziki alikuwa kati yao. Alikuwa amekaa juu ya gunia lake, ule mkanda wa kubebea mizigo unaopita kwenye paji la uso bado uko shingoni.

"Mwanangu," akasema, "hiyo chuma ni ya nani?"

Na mimi bado nahema kwa furaha, nikamjibu kwa heshima zote, "Ni ya papa, mama. Si unaijua? Njo ile alikuwa anapimia maharagi yenu."

Nilisikia maneno yangu yakiwa yameshafika kwao. Mizani ya baba ilikuwa ile ya zamani ya mikono miwili, jiwe huku, gunia kule, na muuzaji anaongeza maharagwe mpaka mikono iwe sawa. Ukiwa na jiwe zito kuliko maandishi yake, mtu anakuongezea maharagwe bure kila safari na kukushukuru.

Kocha, ambaye kulehemu ndiyo kazi yake, alikuwa ameshaligeuza jiwe chini juu. Akapitisha kidole. "Hapa walitoboa," akasema polepole, "wakajaza risasi ya kuyeyusha, ile chuma nzito, wakafunga na kifuniko. Ni kazi ya fundi muzuri." Nadhani hata yeye alitamani kuyarudisha maneno yake mdomoni.

"Kule kwetu," Mama Riziki akasema, hakuwa akimwambia mtu hasa, "nilikuwa napima kwanza ku mizani ya sante, ile ya kliniki ya batoto. Nikifika huku, inapunguka. Nikasema ni muke wa mutoto wangu, njo tulikuwa tunabeba naye, anachota mu njia. Nikamutukana mbele ya batu. Akarudia kwabo na mutoto mugongoni."

Sasa Byamungu, pamoja na ulimi wake wote, ni rafiki wa kweli. Alisogea katikati akasema, "Mama, muzee aliinunua hivyo hivyo. Hakujua. Na yeye alidanganywa." Kisha akanigeukia, amenikazia macho moja kwa moja. "Si vile?"

Depo nzima ikanitazama. Ilikuwa ni neno moja tu. Ndiyo, na baba anabaki mzee wa mizani safi, nami narudi nyumbani na aibu yangu ya kawaida ya beseni na suruali. Nilifungua mdomo nilitamke. Lakini yule mama alikuwa ananitazama kwa matumaini, yaani hata yeye alitaka niseme ndiyo, alikuwa amemlilia mtu yule, na nikaona kwamba nikisema, mkamwana wake atabaki mwizi vilevile.

"Kwa nyumba iko ingine," nikasema. "Inafanana na hii, lakini iko nyepesi. Njo alikuwa anauzia. Nikiwa mutoto nilizichanganya siku moja, akanipiga sana, leo njo naelewa sababu. Alijua, mama."

Hakuna aliyenigusa. Mzee mmoja alifunga gunia lake upya ingawa lilikuwa limefungwa. Mwenye depo, sijui kwa nini, alianza kupangusa mizani yake mbele ya watu. Kikundi cha sport kilirudi ufukweni bila wimbo. Byamungu alitembea na mimi hadi kona, akasema, "Minye nilikufungulia mulango, weye ukapita ku dirisha," akaenda zake.

Shangazi yangu hanisalimii tangu siku ile. Anasema mtu mwenye akili hupima nguo, hapimi baba yake. Mhubiri akiniona anavuka barabara, labda anaogopa nitapima na mahubiri. Wateja wanaokuja kushona wananiangalia futi ninavyoishika, wanauliza kwa upole kama sentimita zangu ni za kawaida. Nawaambia ni za kawaida. Ile ya kutafuta sifa ya nguvu nimeiacha kabisa, na nimeapa sitasema tena maishani mwangu "twende tukapime" mbele ya watu ili nionekane mwanaume. Sport bado nakwenda. Nina kopo la rangi nililojaza saruji, sijui lina kilo ngapi, na atakayeniuliza nitamwambia asiniulize. Baba bado ninamlilia. Nilidhani ingepungua, haikupungua, ila sasa nalia nikiwa na hasira pia, na hiyo haisaidii cherehani kwenda sawa.

Jumamosi iliyopita Mama Riziki alikuja kibarazani kwangu. Alikuwa ameshauza, gunia tupu limekunjwa kwapani. Nilimpa kiti, akakataa.

"Ile chuma iko?"

"Iko, mama."

"Nipatie."

Nikamuuliza ataifanyia nini.

"Ninapita nayo kwabo na muke wa mutoto wangu, nimuoneshe. Abebe mwenyewe asikie. Kisha nitafungia mbuzi. Mbuzi haijui kusoma."

Nililitoa ghalani kwa mikono miwili, nikalifikisha kwenye magoti, nikasema ngoja nimwite Byamungu na pikipiki amsogeze hadi mwanzo wa mlima. Akaniangalia kama mnavyomwangalia mtoto anayetaka kusaidia kupika. Akalifunga ndani ya gunia tupu, akapitisha mkanda, akageuka akachuchumaa na kunipa mgongo.

"Inua kidogo tu hapo chini," akasema. "Vile. Acha."

Nikaacha. Akasimama, akarekebisha mkanda kwenye paji la uso, akaniambia nibaki na amani, akashika njia ya Rurambo.